Kola ya Fundi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kola, na jina lilimkaa. Aliwashonea watu magauni ya kila namna, lakini yeye mwenyewe, jua liwake lisiwake, hakuonekana bila kola ndefu iliyopanda hadi chini ya kidevu. Wateja walimtania, "Fundi, baridi hiyo unaisikia peke yako?" Naye alicheka, akauliza kama mikono wanaitaka mirefu au mifupi, na habari ya kola ikaishia hapo.

Ukweli ni kwamba Fundi alikuwa na ndevu. Si vinywele viwili vitatu. Ndevu nyeusi, ngumu, kidevuni na chini ya taya, zilizoanza kumwota mwaka mmoja baada ya kuvunja ungo. Mama yake, ambaye naye alikuwa nazo, alimfundisha kuzing'oa kwa uzi: unaufunga ncha, unausokota katikati, unauchezesha kwa vidole juu ya ngozi, nao unatoka na nywele na machozi pamoja. Siku hiyo hiyo alimwonya kwamba jambo hili haambiwi mtu, hata mume. Fundi akalishika agizo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua chumba chake cha kushonea, alikaa dirishani na kioo na uzi mweupe, akimaliza anauchoma kwa kiberiti. Aliishi na mumewe miaka kumi na moja, mume akafa bila kujua, na Fundi, Mungu amsamehe, alijivunia hilo.

Kisha zikaja kwa binti yake.

Binti alikuwa na miaka kumi na mitano, mwepesi wa kucheka, na darasani mkono wake ulikuwa juu kila wakati. Zilipotokeza kidevuni, wenzake hawakungoja. Walimwita Mjomba. Walimpisha mlangoni kwa adabu zote, "Shikamoo, Mjomba," hata mwalimu mmoja akashindwa kuzuia tabasamu. Mkono ukaacha kunyooshwa. Akawa anatembea kashika kidevu kama mwenye jino bovu.

"Mama, mimi nina nini?" aliuliza jioni moja. "Mbona mimi tu?"

Fundi alikuwa akipinda gauni, pini kazibana mdomoni. Angeweza kuzitoa. Aliziacha pale pale, akatikisa kichwa.

Basi mtoto akajitibu mwenyewe. Alipata krimu ya kuondolea nywele za miguu, akaipaka usoni, akaiacha saa nzima ili ifike kwenye mizizi. Ikambabua kidevu chote. Ndipo wakaenda hospitali.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye maswali mengi. Alisafisha kidonda, akauliza kuhusu siku za mwezi, ambazo hazikuwa na mpango, akauliza kuhusu chunusi na uzito. Kisha akamgeukia Fundi.

"Kwenye ukoo wenu, kuna mwanamke mwingine mwenye nywele kama hizi? Wewe, bibi, mashangazi?"

"Hakuna, daktari," Fundi alisema. "Kwetu hakuna kabisa."

Uongo mwingine una aibu kidogo, huu haukuwa nayo. Ulitoka mwepesi, kwa sababu ulikuwa umefanyiwa mazoezi miaka ishirini na mitano.

Daktari aliandika. Akaeleza kwamba mara nyingi ni homoni tu na hurithiwa, wala si hatari. Lakini nywele zikimjia msichana ghafla, na ukoo hauna, lazima kuhakikisha kwamba hakuna uvimbe ndani. Damu ikachukuliwa, picha ya tumbo ikapigwa, wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili.

Katika maneno yote yale binti alisikia moja tu.

"Mama, uvimbe unaua?"

"Usiseme hivyo."

Binti alianza kunakili daftari zake kwa mwandiko mzuri ili rafiki yake azitumie. Viatu vyake vipya alimpa binamu yake, akisema vinambana, na havikuwa vikimbana. Fundi aliyaona haya yote kwa macho yake. Kila asubuhi alijiambia leo nitasema, na kila asubuhi alifyata ulimi. Usingizi ukampaa. Kuna siku alichana kitambaa cha mteja, na kuna siku alimaliza kujing'oa, akasikia hodi, akautupa uzi kwenye kapu la masalio ya vitambaa bila kuuchoma. Masalio yale ndiyo aliyotumia binti kujazia mito midogo ya kuchomekea sindano.

Siku chache za mwanzo zilikuwa nzito sana. Halafu, ghafla, binti akaenda kwa binamu yake kudai viatu vyake. Fundi alimwona akirudi navyo, akashukuru. Alidhani mtoto amepata matumaini.

Siku ya majibu daktari alitabasamu tangu mlangoni. Uvimbe haukuwapo. Zilikuwa homoni, na vidonge vingezituliza, ingawa ingechukua miezi sita au zaidi kuona tofauti. Wakati huo anaweza kunyoa kwa wembe bila hofu. Si kweli kwamba ukinyoa zinaota nene zaidi.

"Ila bado nashangaa," alisema, akipekua faili, "kwamba ukoo mzima hauna."

Binti alifungua mkoba wa shule. Katikati ya daftari alitoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua mezani. Ndani yake mlikuwa na uzi mweupe, umesokotwa katikati, na vinywele vyeusi vimenasa.

"Andika kwamba mama anazo," alisema. "Nimekaa na huu uzi siku tisa. Nilikuwa namngoja aniambie mwenyewe."

Daktari aliitazama kola, akayaondoa macho haraka. Akakata lile "hakuna" alilokuwa ameandika.

"Na bibi?" aliuliza taratibu.

"Na bibi," Fundi alisema.

Walipofika nyumbani, Fundi alifunga mlango wa chumba cha kushonea, akafungua vifungo vya kola, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Mwanawe hakuwahi kuiona shingo ile kwenye mwanga. Akakata uzi mrefu, akaufunga ncha.

"Njoo mwanangu, nikuonyeshe unavyosokotwa. Mama yangu ndiye alinionyesha."

Binti aliitazama shingo ile, yenye makovu madogo madogo. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi.

"Ungenionyesha walipoanza kuniita Mjomba," alisema.

Akachukua vidonge vyake, akaenda kusoma maelezo yake chumbani kwake. Fundi alibaki na uzi umefungwa kwenye vidole, kola wazi, na nje mteja alikuwa ameanza kupiga hodi.