Kibao Kilicholazwa Kifudifudi

Zamani ugomvi wa nani akae wapi mkutanoni ulimalizwa na mtu mwenye miguu na subira. Siku hizi unamalizwa na kompyuta, na kompyuta haijui kuona haya.

Mzee Vibao alikuwa na vyote viwili, miguu na subira. Miaka thelathini na minne alipanga vibao vya majina ya nchi kwenye meza za ukumbi mkubwa, na kila mabalozi waliponuniana kama wake wenza, yeye aligeuka mshenga: analichukua neno chumba hiki, analipunguza makali ngazini, analifikisha chumba kile limekwisha poa. Shule aliishia darasa la saba. Itifaki aliiokota nyuma ya milango, jagi la maji mkononi. Wenzake aliojifunza nao walikwisha staafu, wengine wamezikwa. Mkewe naye alitangulia mbele ya haki. Nyumbani kulibaki redio, na kiti cha pili alichokifuta vumbi kila Ijumaa bila kujua anamfutia nani.

Kwenye mkutano wa kimataifa wa maafa, wa mwisho kabla hajastaafu, walikuja ndugu wawili kutoka visiwa vilivyopigwa na wimbi: mkunga mtu mzima na kaka yake mwalimu. Walitaka dakika tano tu, waombe visiwa vyao viunganishwe kwenye mtambo wa kutoa onyo kabla bahari haijapanda. Lakini dola moja kubwa ilidai visiwa hivyo ni vyake, na wakazi wa huko hawana haki ya kukaa mezani.

"Mnataka kiti au bendera?" Mzee Vibao aliwauliza.

"Bendera ya nini, baba? Wimbi halisomi bendera," mkunga akajibu. "Mimi nataka king'ora. Ukiniambia nikalie ndoo, nakalia."

"Huyo anajisemea mwenyewe," kaka akanung'unika. "Bendera nimeishona mimi."

"Ndiyo maana imekwenda upande!"

Mzee Vibao alicheka mpaka akashika ukuta. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alicheka na watu.

Siku tatu alipanda na kushuka. Balozi wa ile dola alimfahamu tangu wote wawili wana nywele nyeusi.

"Mzee Vibao, hujafa tu?"

"Nakungoja mkubwa wangu utangulie."

Wakapatana hivi: bendera isiwepo, kibao kiandikwe "Visiwa" basi, wakae safu ya nyuma, waseme dakika tano. Ilibaki balozi apate ruhusa ya kwao kwa simu, kesho yake saa tatu asubuhi.

Ukumbini palikuwa na desturi. Kiti kilichogombaniwa, kibao chake kililazwa kifudifudi, maana yake maneno bado yanasemwa, asiguse mtu. Hata wafagiaji walipangusa kwa kukizunguka. Haikuandikwa popote, kila mtu aliijua.

Asubuhi hiyo Mzee Vibao akakilaza kibao cha Visiwa, akapanda ghorofa ya nne kwa balozi.

"Wamekubali," balozi akasema. "Waseme."

Alishuka ngazi mbili mbili, magoti yakimlaani. Safu ya nyuma akakuta pengo. Kiti hakuna, kibao hakuna. Afisa mpya wa itifaki alikuwa amesimama na kompyuta yake ya mkononi.

"Kilikuwa kimelala, Mzee, nikajua wamejitoa. Nimeshawafuta kwenye orodha ya wasemaji."

"Kulala maana yake subiri!"

"Imeandikwa wapi?"

Walikaa ofisi moja miezi minane, yule dada na Mzee Vibao, na mzee hakuwahi kumwambia. Alijisemea moyoni: asiyejua kuuliza, mwache.

"Warudishe, mwanangu. Nakuomba."

"Orodha imefungwa. Anayeweza kuifungua ni mwenyekiti peke yake."

Akamwandikia mwenyekiti kikaratasi. Kilirudi na mstari mmoja: mkutano ujao. Yaani miaka mitatu. Alikuwa amekula ng'ombe mzima, mkia ukamshinda.

Aliwakuta wale ndugu wawili kwenye benchi la kungojea magari, akawaeleza yote, hata lile la miezi minane. Mwalimu aligeuza uso.

"Basi kibao chetu tupe," mkunga akasema.

Mzee Vibao alikuwa nacho kwapani. Alikuwa amekiokota kwenye sanduku la taka za karatasi. Mkunga akakipangusa kwa upindo wa nguo yake.

"Mfundishe yule binti," akasema. "Leo hii. Usingoje akuulize."

Gari likaja. Mzee Vibao akabaki kando ya njia, mkono juu. Mkunga alikuwa amekisimamisha kibao kwenye kioo cha nyuma, jina likitazama nje, naye mzee akalisoma mpaka herufi zikawa doa jeupe, kisha gari likakata kona. Ndiyo mara ya mwisho kuwaona.