Arobaini ya Vitusi, Mlinzi wa Geti

Chekeni kwanza mmalize, ndiyo nisimulie, maana najua mchumba wangu Neema ameshawadokeza kwamba nililia mpaka kamasi mbele ya ukoo wao mzima kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Ni kweli, sikatai. Ila hamjui ilianzaje, na ilianza na jina moja tu ambalo nilijitakia mwenyewe kulitoa mdomoni.

Kazi yangu mnaijua, natafsiri muvi. Pale Mbalizi nina kibanda changu na maiki yangu, wakiniletea muvi ya watu wa mapanga na mazimwi mimi naingiza sauti, steringi, yaani shujaa wa muvi, namfanya aongee kama mkuu wa wilaya, adui namkohoza kidogo ili mtu amchukie mapema, na wakianza kuuana ndiyo napatia riziki hapo: "Anafyekwaaa! Mwingine huyooo! Kaleta shingo, kapewa panga!" Watu wanapiga meza. Sasa wazazi wa Neema wanakaa Ilomba, na mama yake aliniambia waziwazi kwamba yeye hana neno na mimi, ila mama yake mzazi, yaani Bibi, anayekaa kule milimani Iringa, ndiye mwenye kauli, na akikataa basi wote wamekataa. Na Bibi, kumbe, alikuwa na swali moja tu kuhusu mimi: "Huyo kijana anafanya kazi gani ya kuongea peke yake?"

Basi Pasaka tukapanda huko wote. Baba yangu mdogo wa Ubaruku, ambaye ndiye alikuwa mshenga, angelala Makambako njiani halafu kesho yake aingie na posa na gunia la mchele (mchele wa kwao, hakubali mchele mwingine). Kazi yangu siku ile ilikuwa moja, Bibi anipende kabla baba mdogo hajafika.

Bibi mwenyewe mfupi, sweta la kijani, kakaa kwenye kigoda kando ya jiko la mkaa. Nikamwamkia "Kamwene, Bibi," kama nilivyofundishwa njiani, akaitika, halafu akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, na mimi nikajikuta navua kofia ambayo hakuna aliyeniambia niivue. Sijawahi kuogopa mtu mdogo vile.

Baada ya chakula cha mchana, mjomba wake Neema (yeye ndiye mwenye runinga) akasema, "Haya mkwe, tuoneshe hiyo kazi yako, Bibi aione." Akaweka muvi ya mfalme mbaya na kijana mwenye upanga unaotoa moto, akazima sauti, nikasimama pembeni ya runinga na kijiko mkononi kama maiki, nikaanza. Na ilikwenda vizuri jamani! Mfalme alipomuua mpishi wake kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi, chumba kizima kilipiga kelele, "Shetani huyo! Katili!" Hata mama mkwe alitema mate mlangoni.

Ila Bibi ana tabia moja, kila anayetokea lazima aulize. "Huyo nani?" Steringi, Bibi, ndiye mtu wetu. "Na huyo?" Adui. "Na huyo aliyesimama getini?" Hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye kazi yetu yule hana jina, yule ni mlinzi tu, yupo ili afe, hata humtazami. Ningesema "mlinzi tu, Bibi," ningekuwa nimepona. Lakini kichwa kilishavimba na vicheko, nikaona nimpe jina la huku huku ili Bibi afurahi, nikasema, "Huyo ni Vitusi."

"Vitusi mtoto wa nani?" akauliza Bibi.

(Kwao huko mtu bila kwao si mtu, nilipaswa kujua.) Nikasema mtoto wa mjane mmoja hapo ng'ambo, kijana mpole, kazi ya geti kaipata juzijuzi. Watu wakacheka. Nikakolea. Nikasema mama yake ana miguu mibovu, viazi vyao bado viko shambani vinamsubiri Vitusi apate ruhusa avichimbe, na kila jioni mama yake anamwekea ugali kwenye sufuria, anafunika, anasubiri. Bibi akatikisa kichwa, akasema, "Mtoto mzuri huyo." Mimi nikajua posa imepita.

Halafu steringi akafika getini.

Mjomba akasimama, watoto wakaruka, makofi, vigelegele, na mimi mdomo wangu umezoea kazi yake, hauniombi ruhusa, upanga wa moto ukashuka na mimi nikapaza sauti mpaka kuku wakakimbia uani: "Anafyekwaaa! Vitusi kwisha habari yakeee!"

Ndugu zangu, makofi yote yakakatika palepale. Hata ya wale watoto. Steringi akamruka Vitusi bila kumtazama, akaingia ndani.

"Nani amemuua Vitusi?" akauliza Bibi, sauti ya kawaida kabisa.

"Steringi, Bibi."

"Huyo mliyempigia makofi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kakosa nini?"

Nikaanza kujieleza, si mnanijua. Nikasema steringi ana haki, mfalme alimuua baba yake. Bibi akasema, "Na Vitusi alimuua baba wa nani?" Nikasema Vitusi alikuwa analinda mali ya adui. Akamgeukia mjomba, ambaye (nilikuja kujua palepale, Mungu wangu) analinda kiwanda cha mbao huko chini, akamuuliza, "Wewe bosi wako akiwa mwizi, nikuchimbie kaburi wewe?" Mjomba akakaa polepole. Nikajaribu kumwambia Bibi ile ni muvi tu, hakuna aliyekufa. Akanijibu, "Mtoto wa mjane ulisema wewe. Mimi sikusema." Halafu akasema, "Yule mfalme kaua mpishi mmoja mkamwita shetani. Huyu sura nzuri kaua mtoto wa mjane mkacheza. Zimeni."

Runinga ikazimwa. Nikadhani yameisha, kumbe bado kabisa. Bibi alishuka kwenye kigoda chake, akakaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akajitanda kitenge kichwani kama mfiwa, akaniambia, "Njoo umwambie mama yake."

Nikamwangalia Neema, Neema akaangalia sakafu. Nikapiga magoti. Mimi, mwenye sauti ya steringi na ya adui na ya zimwi, siku ile sikuwa na hata sauti yangu. Nikasema, "Mama, nimekuja kuhusu Vitusi." Na yule bibi akainua uso, uso mwingine kabisa jamani, uso wa mtu anayesubiri, akaniuliza kwa furaha, "Anakuja? Ugali wake nimeshafunika."

Nikaanguka. Nasema kweli, nikaanguka kwenye mkeka, nikalia. Sikulia kwa adabu, nililia ile ya kukoroma. Mama mkwe akataka kucheka, kicheko kikageuka kilio, dada zake waliokuja Pasaka wakapokea, na ndipo mlango ukafunguliwa na jirani mmoja mama, khanga kiunoni, mzigo wa kuni kichwani na unga kwenye bakuli, amesikia vilio akaja mbio. Hakuuliza nani amekufa. Huko msiba hauulizwi mlangoni, unakaa kwanza. Akatua kuni, akakaa karibu yangu, akanishika bega, akalia na mimi. Mtu hajui nani amekufa na machozi yake ni ya kweli, na mimi nimezika walinzi mia kwa maiki na kelele tu.

Alipomaliza kulia ndipo akanong'ona, "Ni nani?" Nikamwambia Vitusi. Akasema, "Maskini, kijana?" Nikasema kijana. Hakuna aliyethubutu kumwambia zaidi.

Bibi akafunua kitenge, akajifuta uso, akatoa kauli mbele ya wote: "Nyumba yenye msiba haipokei posa. Waje baada ya arobaini." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania. Macho yake yalikuwa na machozi, na pembeni ya mdomo kulikuwa na kitu kingine, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuangalia mara mbili.

Neema akanifuata nje, nimesimama kwenye ukungu nimevimba uso kama nimeng'atwa na nyuki. Akasema, "Bibi amekupenda." Nikasema amenipenda wapi, kanifukuza! Akasema, "Humjui. Angekukataa asingetaja arobaini."

Haya, sasa nani amwambie baba mdogo? Nikampigia, yuko Makambako na gunia lake. Nikamwambia asije, kuna msiba.

"Jamani! Wa nani tena?"

"Wa Vitusi, baba mdogo."

"Vitusi ndiye nani kwao?"

"Mlinzi. Kijana tu. Mama yake mjane."

"Maskini wee. Aliumwa?"

"Hapana. Ameuawa."

"Yesu wangu! Na nani?"

Nikafungua mdomo niseme steringi. Nilitaka kabisa kusema hivyo, ndilo jibu lenyewe. Nikaona uso wa yule mama, ugali umefunikwa, na neno likagoma kutoka.

"Na mimi, baba mdogo," nikasema.

Akaniuliza kwa upole sana, kama unavyomwuliza mgonjwa, "Polisi wameshafika?" Ilibidi Neema achukue simu. Na mimi nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya maiki yangu, simpi tena mlinzi wa watu jina kama siko tayari kumzika.