Kidonge Kizima cha Bi Redio

Mama yangu alikuwa sauti ya stendi ya mabasi kwa miaka ishirini na tisa. Alikaa kwenye kibanda cha vioo chenye kipaza sauti, akiita mabasi na abiria, na wapo madereva waliomwogopa kuliko trafiki. Dereva akichelewa kuondoa gari, Mama alimtangaza: "Basi la saa nne linamsubiri dereva wake amalize sahani ya tatu." Stendi nzima ikavunjika mbavu. Nyumbani hakuwa na sauti nyingine. Akikuomba chumvi, jirani naye alisikia akaleta ya kwake.

Mimi ni kinyozi, na sauti sina. Nadhani yeye aliimaliza yote. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba: viti viwili, kioo kimoja kirefu, na pazia la kijani linalotenganisha kazi na maisha. Baba alipofariki nikamleta Mama akae chumba cha nyuma ya pazia. Dada yangu anaishi mbali na ana watoto wanne; mimi mke aliniacha na mtoto sina, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Nilijitolea, na nilipenda kusifiwa kwa hilo. Nalisema mapema lisije likaonekana nalificha.

Mwaka wa pili kichwa chake kikaanza kumchezea. Kwanza alipoteza siku, kisha majina, kisha akarudi kazini. Yaani alirudi stendi akiwa pale pale kitandani. Tangu asubuhi aliita mabasi yaliyokwisha kuwa vyuma chakavu, na mteja akiingia saluni alimtangaza naye: "Abiria mwenye upara ashuke, gari hili si lake." Wateja walicheka, wakambatiza jina Bi Redio. Lakini mzaha ukachacha. Mama akaanza kuona wezi. Alitoka nyuma ya pazia akamkaba mzee mmoja mwenye povu kidevuni, akamtaka arudishe mabeseni yake. Akawa analia pia, kilio cha kweli, akiwaogopa watu ambao mimi sikuwaona. Wiki moja viti vyangu vilikaa vitupu tangu Jumatatu mpaka Alhamisi. Maji yakanifika shingoni, nikampeleka kliniki ya magonjwa ya akili.

Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu, asiye na haraka hata foleni ikifika nje. Alimsikiliza Mama akiita mabasi, akamuuliza la kwake linaondoka saa ngapi, wakacheka wote wawili. Kisha akaandika vidonge vya kumtuliza.

"Nusu, mara moja kwa siku, jioni," akaniambia, akanionyesha kwa kucha mstari ulio katikati ya kidonge. "Nusu, kaka, si zaidi. Wazee dawa hizi huwalemea. Ukimwona analala mno, au anapaliwa akinywa, au mafua yameingia nyumbani, usingoje siku ya kliniki. Mlete."

Nikaitikia kama mtu aliyeelewa, na nilikuwa nimeelewa. Hapo ndipo sina pa kujifichia.

Nilikuwa nakikata kwa wembe mpya. Kinyozi gani atashindwa kugawa kitu kwa wembe? Siku za kwanza nusu zilitoka zimenyooka, nikajiona fundi. Mama akapoa kidogo; woga ukapungua, matangazo yakabaki. Siku ya tisa kidonge kikasambaratika chini ya wembe, nusu ikawa haijulikani iko wapi, na mteja yuko kitini ananisubiri. Nikazoa unga wote nikautia kwenye uji, nikampa. Kesho yake Mama hakuita hata basi moja. Nilinyoa vichwa kumi na moja, mashine ikinguruma peke yake. Jioni ile sikuutafuta wembe.

Kwa wiki tatu nikampa kizima. Halafu Jumamosi, siku ya wateja wengi, nikaanza kumwongezea nusu ya asubuhi. Sikuwa mlevi wala katili. Nilikuwa mtu aliyechoka aliyeonja kimya akanogewa. Mama alishinda amejiinamia, kidevu kifuani. Chai ilipomchuruzika pembeni ya mdomo nilimpangusa kwa taulo la saluni nikarudi kwa mteja. Dada alipopiga simu nikamwambia, "Mama ametulia sana siku hizi."

"Mungu akubariki, kaka yangu," akasema. "Mwingine angemchoka."

Msimu wa mafua ukaingia. Mwalimu mmoja alikuja kunyolewa ndevu huku anakohoa mpaka nikalazimika kuondoa wembe shingoni pake mara tatu. Ningemwambia arudi akipona, sikumwambia. Baada ya siku mbili nikalemewa mimi, viungo vinauma, pua haikauki. Nilijikaza nikafanya kazi, na nilipomaliza nikaingia nyuma ya pazia kumlisha Mama kwa mikono ileile. Yale maneno ya daktari niliyakumbuka vizuri. Nikajiambia kwamba Mama hapigi chafya, analala tu, mafua yamempitia mbali.

Anayeuza mboga barazani ndiye aliyeuliza. "Kwani Bi Redio yuko wapi? Mabasi aliacha kuyaita, lakini siku ya tatu leo simsikii hata kuguna."

"Anapumzika, dada."

"Mama yako na kupumzika?" Akaweka sinia lake chini, akapita katikati ya viti, akafungua pazia bila kukaribishwa. Akamgusa Mama shingoni. "Huyu anaungua. Na hebu zitazame mbavu."

Mbavu zilikuwa zikipanda na kushuka mbiombio. Midomo ilikuwa ya kijivu, na kifuani mlikuwa mnakoroma kama mna maji. Mwanamke aliyekuwa akiijaza stendi kwa sauti yake alikuwa akijaribu kukohoa, na kikohozi kinamfia kooni. Asubuhi ile nilikuwa nimepita karibu yake mara mbili, na mara zote mbili nilishukuru kwamba amelala.

Mimi na muuza mboga tukamkimbiza hospitali, na wodini walimwekea oksijeni. Wakasema ni virusi vya mafua, na juu yake homa ya mapafu. Yule daktari wa kliniki akaitwa, akaja, akaniuliza mbele ya muuza mboga, "Unampa kiasi gani?"

"Nusu."

"Jioni tu?"

"Jioni tu."

"Huyu kijana anamtunza mama yake, daktari," muuza mboga akadakia. "Tunamwona wenyewe." Kijana mwenyewe nina miaka hamsini na moja. Nilitazama viatu vyangu.

Kesho yake daktari alikuwa amekunja uso. "Nusu kidonge haiwezi kumlaza hivi," akasema. "Nahofia amepata kiharusi. Lazima apigwe picha ya kichwa, na mashine iko hospitali nyingine. Itabidi tumsafirishe na mtungi wake wa hewa. Safari yenyewe inaweza kumzidi nguvu, lakini hatuna njia."

Nikaona wanaleta machela. Nikaona nesi anafunga mkanda kifuani pa Mama, juu ya mbavu zile. Uongo wangu wa majibu mawili ulikuwa unampandisha Mama kwenye gari. Nikamfuata daktari koridoni.

"Daktari, si nusu."

Akasimama. Akauliza vingapi, tangu lini, cha mwisho saa ngapi, nami nikajibu yote mpaka ile nusu ya asubuhi za Jumamosi. Akarudi wodini akaisimamisha safari, akafuta dawa kwenye cheti. Hakunifokea. Alisema tu, "Ungeniambia jana."

Alipomaliza nikamuuliza kama ni mimi niliyemfikisha Mama pale.

"Dawa haileti virusi," akasema. "Ila wazee wanaotumia dawa za namna hii, wakipata maambukizi, mara nyingi tunaona wanaugua vibaya zaidi ya wenzao. Kama ni dawa yenyewe au ni ule udhaifu waliokuwa nao, wataalamu bado wanabishana. Ninachojua ni kwamba aliyelala mno hanywi maji vya kutosha, hakohoi vizuri, na anachomeza kinaweza kuingia njia ya hewa. Sasa kwa Mama, siwezi kukwambia kidonge kimefanya, wala siwezi kukwambia hakikufanya."

Nilitaka anihukumu au aniachilie. Aliniambia nikamsaidie nesi kumkalisha Mama ili akohoe.

Mama alifumbua macho siku ya tatu na kutoka siku ya kumi na sita, mwepesi hata nilimbeba mwenyewe mpaka garini. Nilimpigia dada nikamweleza yote. Akasema ana kitu jikoni. Siku hizi akitaka habari za Mama humpigia muuza mboga.

Vidonge vimeondolewa, daktari anataka tumwangalie kwanza bila hivyo. Sauti inarudi polepole, imekwaruza. Jumamosi iliyopita saluni ilijaa, wengine wamesimama. Nikasikia nyuma ya pazia, "Abiria wa saa tano," halafu ikakatika. Halafu nikaitwa kwa jina langu la utotoni, kwa sauti ndogo ambayo sikupata kuisikia kwake maishani.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amenyoosha kiganja.

"Nipe kile kizima," akasema. "Wateja wamejaa."

"Kizima kipi, Mama?"

"Kile unachonipa ukiwa na kazi nyingi."

"Ulikuwa unajua?"

"Ulikuwa umechoka, mwanangu."

Nikapiga magoti pale chini. Nikamwambia dawa ile haipo tena, aongee tu, aite mabasi yote anayoyataka, nisamehe Mama, wateja watazoea. Alichungulia upenyo wa pazia, akahesabu vichwa kwa kidole.

"Watakukimbia," akanong'ona.

Akaziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, akavibana sawasawa, na kwa kidevu akanionyesha viti, nirudi kazini.