Kanisa Lote Liliposimama kwa Ajili Yangu

Jamani, Jumapili nimeumbuka hapa kwetu Mpemba. Mimi ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu, na sijifichi: napiga vizuri. Kwa miezi kadhaa nimewafundisha wapiga tarumbeta wetu fyuga, muziki wa kale wa Ulaya. Kinanda kinaanza peke yake, tarumbeta moja inadakia wimbo uleule, kisha nyingine, mpaka zote zinakimbizana.

Baada ya matangazo nikaanza bila kusema chochote, maana kizuri chajiuza. Sijafika mbali, kanisa lote likasimama. Kichwa kikanivimba! Tarumbeta ya kwanza ikaingia, watu wakavuta pumzi, midomo wazi. Ya pili ikaingia, wakavuta tena. Nikajiambia, kumbe watu wangu wana masikio! Nikaurudia muziki wote tangu mwanzo, kwa madaha.

Tulipomaliza nikainuka, nikainama kwa heshima. Mzee wa kanisa akakohoa, kitabu cha nyimbo kikiwa wazi mkononi.

"Mwalimu, tunashukuru. Ila miguu inauma. Mkishapata sauti, mtuambie basi tunaimba wimbo namba ngapi."