Kidole Ndani ya Tiyo

Chekeni sasa mmalize, kwa sababu nikianza kusimulia aibu hii sitaki mtu anikate katikati: mimi, mama wa watoto watano, mwimbaji wa kwaya ya parokia, niliwapokea wakwe zangu nikiwa nimekwama ukutani. Ni kidole kimoja tu kilichokwama, nakubali, lakini kidole kikikwama mwenye kidole haendi popote.

Ilikuwa ile miaka ambayo kompani ya madini iliyotuajiri ilibaki jina tu. Zamani, katika kambi yetu ya Likasi, hakuna mtu aliyegusa kitu cha umeme. Ampuli, balbu ya taa, ikiungua unapeleka habari ofisini, fundi anakuja na ngazi yake, anabadilisha, unampa maji ya kunywa, basi. Halafu mishahara ikasimama, mafundi wakaenda kulima mashamba upande wa Kamatanda, na kila kilichoharibika kikawa shauri lako mwenyewe. Sasa interrupteur ya saloni, yaani ile swichi ya ukutani ya kuwashia taa, nyeusi, ya mviringo, ya tangu wakati wa Wabelgiji, ikaanza kulia tss-tss na kutoa harufu ya kuungua.

Na Jumapili ile familia ya kijana Didier ilikuwa inakuja kupiga hodi kwa ajili ya Astrid, binti yangu wa kwanza. Nikasema haiwezekani, wakwe hawataingia hapa wakidhani nyumba inaungua. Nikaenda sokoni nikachagua swichi mpya, nyeupe, nyepesi kama ganda la yai, yenye kijitaa, kataa kadogo kekundu (hako kataa ndiko kalikoniroga, maana pembeni kulikuwa na nyingine nzito, ya skurubu za shaba, lakini niliiona ina sura ya hospitali).

Mume wangu akaniambia, "Mama Astrid, ungoje minye. Naenda ku parokia kutafuta viti, nikirudi nitaiweka."

Sikungoja.

Na msidhani nilikuwa mjinga! Nilikwenda barazani kwenye konteri, ile mita ya umeme, nikakata umeme, nikajaribu taa, haikuwaka, nikachukua bisibisi nikafungua swichi ya zamani. Ndani ilikuwa nzima (skurubu moja imelegea, na vumbi kidogo, ningeikaza na kuifuta, leo nisingekuwa na la kuwasimulia), lakini mwenye kataa kekundu mkononi anasikia la nani? Nyaya zilikuwa mbili, kavu kwa uzee. Wa kwanza ukatoka vizuri, ukabaki unaning'inia. Wa pili, nilipoukunja, ukavunjika na kurudi juu ndani ya tiyo, lile bomba la chuma linaloshuka na nyaya kutoka darini. Ncha yake naiona kabisa. Nikaingiza kidole cha kuonyeshea nikaigusa, ikakimbia, nikasukuma zaidi, kiungo cha kidole kikapita. Kuingia kiliingia. Kutoka, hapana.

Nikavuta, kikavimba. Astrid akaleta sabuni, akaleta mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese (blauzi yangu ya sherehe ikachafuka hapo hapo), mwisho akaleta machozi.

"Mama, niende niwaambie bale bakwe basikuye leo?"

"Weye unataka kuolewa ao hautaki?"

"Nataka."

"Basi funga kinywa, leta kitenge."

Akanifunika mkono na kitenge kama pazia, na kabla hajafuta macho hodi ikapigwa. Akaingia Didier, kijana wa karakana, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, pamoja na shangazi yake Tantine Véronique, msemaji wao, na wazee wawili wa kimya. Mimi nimeegemea ukuta, natabasamu, na mkono niliowanyooshea wakwe zangu ulikuwa wa kushoto! Tantine aliuangalia kama mtu aliyepewa samaki aliyeoza, kisha akaushika kwa ncha za vidole.

"Mukaribie, mukae," nikasema.

"Na weye, mama, haukae?"

"Minye niko muzuri. Ni mugongo tu inanisumbua."

Wakakaa, na mzee mmoja akaanza sala ya kufungua mazungumzo. Nikajiambia, nitasimama hivi hivi mpaka waseme amina na waondoke, hata kama ni mpaka jioni, binti yangu hatakosa mume kwa sababu ya waya. Kumbe wakati huo mume wangu amefika barazani na viti vyake, ameona konteri imezimwa, akadhani umeme umejikata wenyewe. Akainua kishikio. Redio, ambayo nilisahau kuifunga, ikalipuka na rumba juu ya Baba Yetu, na mimi nina waya unaoning'inia karibu na kiganja, nikapiga ukelele uliosikika nadhani mpaka Kakontwe:

"Kata courant! Nitakufa! Kata!"

Rumba ikanyamaza. Kitenge kikaanguka. Wote wakauona mkono wangu, umepanda ukutani, mwekundu kwa mafuta, kidole hakionekani.

Mume wangu akaingia na kiti kichwani. "Nilikuambia nini, Mama Astrid?" (Mbele ya wakwe! Hilo tulilizungumza baadaye, sisi wawili.)

Didier akasimama, akaangalia ukuta, si mimi. "Papa, inafaa tuvunje udongo pale, tukate tiyo juu ya kidole. Niko na musumeno ya chuma ku nyumba."

Akainamisha kichwa, na sote tukajua kwa nini. Kwetu mkwe mume hamgusi mama mkwe, hata kula pamoja ni aibu.

"Haiwezekani," mume wangu akasema. "Bukwe hairuhusu."

Kidole kilikuwa kinapiga kama ngoma. Nikawauliza, "Mulisha kusema ndiyo juu ya hii ndoa?"

"Bado," akajibu Tantine.

"Basi hakuna bukwe hapa. Huyu ni mutoto ya bantu bengine tu, na iko na musumeno. Akate kwanza, tutaongea nyuma!"

Tantine Véronique akacheka mpaka akashika kiti. "Didier, kimbia ulete!"

Akakata. Tiyo ikatetemeka mpaka darini, chokaa ikamwagika juu ya kilemba cha Tantine, Astrid akiushika ule waya mbali nami kwa kitambaa (konteri, baba yake aliilinda kwa mwili wake wote).

"Mama, inauma?" Didier akauliza, macho ukutani.

"Endelea."

Nikatoka mzima, ila na kipande cha tiyo kidoleni, na tukaongea mambo ya ndoa hivyo hivyo, kila nikiinua mkono kukazia neno wote wanafuata kile chuma. Tantine akasema, "Tulikuja kuvalisha mutoto pete, tumevalisha mama." Kilitoka jioni, ndani ya maji baridi na sabuni.

Ndoa ilifungwa, na mkwe wangu tangu siku ile hajanigusa tena. Mimi kazi ya swichi sikuiacha; nilirudi sokoni kuchukua ile swichi nzito, mume wangu akashusha nyaya mpya, na kuifunga nikaifunga mwenyewe. Mpaka leo, kila mwaka, nakata umeme, nawaambia wote wa nyumbani, nafunga redio, nazunguka chumba kwa chumba kukaza skurubu na kufuta vumbi. Lakini tundu la ukutani, hata mkiniapia kwamba ndani kuna kobalti, wekeni vidole vyenu ninyi.