Lugha Isiyo na Mwenyewe

Kazi yangu hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, ni kutengeneza tovuti, na niliyoipenda kuliko zote ni ya chama cha wanawake wauzaji wa soko la Koboko. Shangazi yangu ndiye mwenyekiti, na chama kilikuwa kinataka kumfia mikononi. Ugomvi ulikuwa mmoja tu: tovuti itafsiriwe kwanza kwa lugha ya nani? Wakakwa walitaka yao, Wanubi yao, Walugbara yao. Katibu, Mkakwa anayewasomea wenzake Kiingereza, aliapa kujitoa na watu wake wakiwekwa nyuma. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi alikuwa shangazi yangu.

Kabla ya kumpa mfasiri kazi, mimi huipima tovuti kwanza. Maneno yote ya Kiingereza nayageuza takataka: herufi nazivisha kofia na mikia, neno nalirefusha, kisha nalifunga mabano mwanzo na mwisho. Neno likibaki safi, limejificha ndani ya programu na mfasiri hatalifikia. Bano la mwisho likimezwa, kitufe ni kidogo mno kwa tafsiri ndefu. Wenzangu huona ni kazi ya kuchosha. Mimi naifurahia kama mtoto.

Basi nikaenda Koboko na takataka yangu kwenye simu, nikawapa mkutanoni bila maelezo. Makusudi. Walikuwa wamenichosha.

"Hii luga ya nani?" Mnubi mmoja akaruka. "Mwenyekiti, umeweka ya Kongo mbele yetu?"

"Kongo wapi!" akajibu jirani yake, ambaye hununua maharage huko. "Mutu ya kule hawezi soma hii. Hii iko ya Wakakwa."

Wakakwa wakaapa si yao. Nilicheka mpaka shangazi akanifinya.

"Haina mwenyewe," nikawaambia. "Ni ya kupimia tu. Nitafutieni neno la Kiingereza lililobaki."

Wakaanza kushindana, simu ikinyang'anywa huku na huku kwa vifijo. Katibu alipoipata, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akapotea kabisa.

"Sasa hii ni kulipa ama kufuta?" akauliza kwa hasira. "Mimi naona madudu tu!"

Hapo muuza samaki mmoja, Mdinka aliyekimbilia kwetu kutoka Sudan Kusini, akaangua kicheko. Sikuwahi kusikia sauti yake mkutanoni.

"Leo sisi wote iko sawa," akasema. "Mimi naona hivi kila siku."

Wengine wakacheka naye, kisha wakageuka kumtazama. Moyo uliniuma. Katika ugomvi wote ule, lugha yake hakuna aliyeitaja, hata mimi.

Maneno yaliyojificha yalipatikana, nikayaandika. Halafu ikabidi niulize nianze na lugha ipi. Shangazi akafumba macho, akingoja vita.

Katibu alimpa muuza samaki simu.

"Anza na ya huyu," akasema. "Sisi tutangoja."

Hakuna aliyejitoa.