Saa Iliyotangulia Siku Moja

Mtaani walimwita Mama Waya, na jina likamkaa. Katika kichumba chake chenye dirisha moja, redio zilizokata sauti na pasi zilizogoma kupata moto zilimngoja mezani, naye alizifungua moja moja huku akizigombeza kama watoto watukutu. Kaka yake, dereva wa lori, hakuwahi kuiamini kazi hiyo. "Ufundi wa kubahatisha huo," alizoea kusema, kisha akamwachia taa ya lori aitengeneze bure.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa saa ya mama yao. Mama alishapoteza macho, lakini akili ilikuwa timamu na ulimi ndio usiseme. Aliishi peke yake katika nyumba yake ya vyumba viwili, ambayo aliijua yote kwa mkono. Mama Waya alimtengenezea kisanduku chenye kitufe kimoja. Ukikibonyeza, inatoka sauti ya Mama Waya mwenyewe ikitaja siku, tarehe na saa.

Basi ghafla mama akaanza kukosea siku. Alikwenda kliniki ya presha Jumatano akishikilia kwamba ni Alhamisi, akabishana na muuguzi mpaka foleni nzima ikacheka. Ijumaa akampikia mwanawe chakula cha Jumamosi. Kaka alipofika kesho yake alipokelewa mlangoni: "Jana nimekungoja mpaka chakula kimelala. Leo Jumapili ndiyo unakuja?"

Kaka akampigia dada yake simu. "Mama kichwa kimeanza kumruka. Wiki ijayo nafunga nyumba, anahamia kwangu."

"Umemuuliza siku anaijuaje?"

"Anasema saa imemwambia. Umesikia mwenyewe, dada. Saa sasa zinamwambia mambo."

Mama Waya aliingiwa na hofu ya kweli. Kwa kaka, mama angekalishwa kwenye kiti na kuhudumiwa kila kitu, asiruhusiwe hata kuwasha jiko. Kwa mtu kama mama, hicho ni kifungo.

Jumapili iliyofuata alifika nyumbani kwa mama, akamkuta kaka ameshaegemeza godoro ukutani, anashusha mapazia. Mama alikaa kwenye stuli, mikono kifuani. Mama Waya akabonyeza kitufe.

"Leo ni Jumatatu, tarehe kumi na nne."

Tarehe ilikuwa sawa kabisa. Siku ndiyo iliyotangulia. Mama Waya akakaa sakafuni, akatoa bisibisi na kufungua kisanduku.

"Unaiona hii chipu?" alimwambia kaka. "Ina kibetri chake, umeme ukatike usikatike yenyewe inahesabu tu. Inajua mwezi wa siku thelathini na wa thelathini na moja, na Februari ya mwaka mrefu haiwezi kuikosea. Lakini siku ya wiki haiulizi tarehe. Inahesabu moja mpaka saba, inaanza tena. Ukiiambia leo ni tatu, inakuamini."

"Sasa nani kaidanganya?"

Hapo Mama Waya akakumbuka. Alipokuwa akirekodi sauti, alifuata kitabu cha ufundi, ambacho wiki yake inaanza Jumapili: Jumapili moja, Jumatatu mbili. Lakini kibetri kilipokwisha alikuja kukibadilisha Jumatatu moja, mbio mbio, wateja wakimngoja kichumbani kwake. Akaipanga saa upya kwa hesabu aliyoinywa na maziwa: Jumamosi ndiyo ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Akaweka tatu. Chipu ikapokea tatu bila kinyongo, na sauti ya tatu ilikuwa Jumanne.

"Mimi," akasema. "Mama haumwi chochote, kaka. Ni mimi."

Kaka alilitazama pazia mikononi mwake, kisha akaanza kulirudisha dirishani, na kwa haraka yake akalitundika ndani nje.

"Mimi nilijua tangu siku ya kliniki," mama akasema. Wote wawili wakageuka. "Foleni nzima ikosee siku? Na Ijumaa ile, Jumamosi gani hiyo watoto wa jirani wanakimbilia shule? Sina macho, masikio ninayo."

"Sasa mama, ulikuwa unabishana na watu wa nini?" kaka akauliza. "Si ungesema saa ni mbovu? Leo ningekuhamisha!"

"Niseme saa ya binti yangu mbovu? Nikuambie wewe, unayesema anabahatisha?" Mama alitikisa kichwa. "Nilikuwa namngoja aje nimwambie mwenyewe. Simu hapa ananipigia jirani, na jirani hana kifua. Bora waseme nimezeeka, mwanangu. Uzee wangu haumfukuzii mtu wateja."

Mama Waya akaweka namba sawa, akafunika kisanduku, lakini skrubu hakuiona vizuri kwa machozi. Kaka akachuchumaa, akampokea bisibisi na kuikaza skrubu mwenyewe.